Shamba Lilikauka, Ikashtakiwa Mbegu

Anayevuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo hupita hospitali, maabara, maduka ya dawa na meza za mizizi na magome, yote kwa mwendo wa dakika chache. Katika njia hiyo fupi kuna shauri linalosikilizwa kila siku bila mshtakiwa kupewa nafasi ya kujitetea. Mshtakiwa ni sindano ya kukomaza mayai, ile anayochomwa mwanamke siku moja na nusu kabla ya mayai yake kutolewa kwa ajili ya kupandikiza mimba. Shtaka ni kwamba inaharibu kiinitete katika siku zake za mwanzo kabisa. Mmeshalisikia kwa muuza magome, kwa jirani aliyerudi kutoka kliniki mikono mitupu, na siku hizi hata kwa msomi anayetaja utafiti wa Denmark. Kwa kuwa upande mmoja umeshasema, nawaomba mkae kama mahakimu muusikie wa pili.

Hoja yao nimeisikiliza kwa makini. Ina vifungu sita, na ugonjwa wake mkubwa ni kwamba vifungu hivyo havielewani. Kimoja kinasema dawa inakaa mno mwilini, ushahidi wa kingine, ukisomwa sawasawa, unasema inatoka mapema mno. Lisemwalo lipo, wanatuambia. Sawa, ila hapa yamesemwa mambo mawili yanayopingana, na yote mawili hayawezi kuwapo.

Tumtambue kwanza mshtakiwa. Mayai ya mwanamke husimama katikati ya kujigawa kwake tangu yeye mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake. Kila mwezi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya LH kwa wingi. Yai lililo tayari huamka, humaliza hatua iliyobaki, kisha hutoka. Katika matibabu, daktari amekuza mayai mengi kwa pamoja na hawezi kungoja pituitari ijiamulie, hivyo ishara hiyo huitoa kwa sindano. Aina kubwa ni mbili. Ya kwanza ni hCG, homoni ya ujauzito, kwa kawaida yuniti 5,000 hadi 10,000, au mikrogramu 250 ikiwa ni ile iliyotengenezwa kiwandani; hii hufungua kufuli ileile inayofunguliwa na LH. Ya pili, kama triptorelini au buserelini, huiamuru pituitari imwage LH yake yenyewe. Saa 36 hivi baadaye mayai hutolewa, hukutanishwa na mbegu za baba maabara, na kiinitete hukaa kwenye kisahani siku tatu hadi tano kabla ya kurudishwa kwa mama. Shikeni mtiririko huo, maana mashahidi wa upande wa pili huuchanganya kila wanaposimama.

Kifungu cha kwanza: sindano hulivundika yai. Mfano wao ni mzuri na unaeleweka na kila mnunuzi wa sokoni. Embe lililochumwa changa likafunikwa kwenye gunia huwa la njano kwa nje na chachu kwa ndani. Vivyo hivyo, wanasema, yai lililokomazwa kwa sindano huzaa kiinitete kilegevu. Lakini embe la kuvundikwa limeshatengana na mti wake. Yai linapopewa ishara hii bado limo ndani ya kifuko chake, linalishwa na chembe zinazolizunguka, na daktari hachomi sindano kabla ultrasaundi haijaonyesha vifuko vikubwa vimefika milimita 17 au 18 hivi. Tena mtaalamu wa maabara halichukui kila yai kwa imani. Yai lililokomaa huonyesha alama yake chini ya hadubini, na lile bichi huwekwa kando lisihesabiwe. Kwa hiyo kiinitete wanachokililia hakikutokana na yai bichi. Lililokuwa bichi halikufika kwenye hatua ya kuitwa kiinitete.

Hapa nampa mpinzani haki yake, maana swali lenyewe si la kipuuzi. Kiinitete cha binadamu hakianzi kutumia vinasaba vyake kikamilifu mpaka kifikie chembe nne hadi nane, kwenye siku ya tatu hivi. Kabla ya hapo kinaishi kwa akiba iliyowekwa na yai. Lolote linaloligusa yai katika saa zake za mwisho lingeweza, kwa nadharia, kukigusa kiinitete. Lakini neno “lingeweza” halitoshi kumfunga mtu. Tutafute palipopimwa, na tutapafikia kwenye kifungu cha tatu.

Kifungu cha pili: hCG hukaa damuni siku nyingi na kukila kiinitete. Ushahidi wao ni huu: mwanamke alipima mkojo siku chache baada ya kurudishiwa kiinitete, mistari ikatoka miwili, akapima tena baada ya wiki ukabaki mmoja. Sindano ilileta mimba, wanasema, kisha ikaiua. Ni kweli kwamba hCG haina haraka. Nusu ya LH huondoka damuni ndani ya takriban saa moja. Nusu ya hCG huchukua zaidi ya siku nzima, na baada ya yuniti 10,000 mabaki yanaweza kuonekana kwa siku 10 hadi 14. Sasa jiulizeni kipimo cha mimba kinapima nini. Kinapima hCG, basi. Hakiulizi imetoka kwenye sindano au kwenye kiinitete. Mistari miwili ya siku ya tano ni mabaki ya dawa yakijitangaza, na mstari mmoja wa wiki iliyofuata ni dawa imekwisha. Hapakuwa na mimba iliyouawa, kwa sababu kipimo cha kwanza hakikuwa kimeona mimba yoyote. Ndiyo maana kliniki husisitiza mama asubiri tarehe aliyopewa, tena apime damu.

Kifungu hiki kina dosari kubwa zaidi. Katika siku zake za mwanzo kiinitete kiko maabara, kwenye kisahani, na dawa iko kwenye damu ya mama, havijakutana. Kinaporudishwa siku ya tano, wiki moja hivi imepita tangu sindano. Na kikijishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kazi yake mojawapo ya kwanza ni kutengeneza hCG. Sindano hupandisha hCG ya damu hadi mamia machache ya yuniti kwa lita, kisha inashuka. Mimba yenye afya ya wiki nane hadi kumi inaweza kuifikisha yuniti 100,000 na zaidi. Mnaambiwa kiinitete kinauawa na homoni ambayo chenyewe hukaa kikiitengeneza kwa wingi usiolinganishwa na wa sindano. Sumu hiyo ya ajabu, ikiongezeka ndipo mtoto anapostawi.

Kifungu cha tatu ndicho chenye uzito, na anayekileta amesoma. Mwaka 2005 Peter Humaidan na wenzake huko Denmark walichapisha jaribio la wanawake 122 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikomazwa mayai kwa hCG, yuniti 10,000, na lingine kwa buserelini. Mimba zilizothibitishwa zilikuwa asilimia 36 kwa hCG na asilimia 6 tu kwa buserelini. Mimba zilizoharibika mapema zilikuwa asilimia 4 upande mmoja na asilimia 79 upande wa pili. Mpinzani husoma tarakimu hizi taratibu, kisha hukaa chini kama mtu aliyemaliza kesi.

Hajaimaliza. Ameruka mistari miwili ya utafiti uleule. Wa kwanza ni kwamba kundi la buserelini, lililopata mimba chache, ndilo lililotoa mayai yaliyokomaa zaidi: asilimia 84 dhidi ya 68. Kama dawa ingekuwa inaharibu yai, hapo ndipo pangekuwa pa kuonekana, na palionekana kinyume. Wa pili ni kwamba asilimia 29 ya waliorudishiwa viinitete katika kundi hilo walipata kipimo chanya. Hayo hayakuwa mabaki ya dawa kama ya kifungu cha pili, kwa kuwa buserelini si hCG na kipimo hakiisomi. Basi viinitete vilifika, vikajishikiza, vikaanza kuzungumza na mwili wa mama. Vilipotea baadaye. Kitu kinachojishikiza kisha kikapotea kinatulazimisha kuuliza juu ya mahali kilipojishikiza.

Na mahali pale palikuwa pamekauka. Yai likishatoka, kifuko chake hugeuka tezi ya muda inayotoa projesteroni, homoni inayoutunza ukuta wa mji wa mimba. Tezi hiyo huishi kwa kubembelezwa na LH. Buserelini huleta wimbi fupi la LH, kisha kimya. hCG hukaa siku kadhaa ikiendelea kubembeleza. Katika kundi la buserelini tezi zilinyauka mapema, projesteroni ikashuka, na nyongeza waliyopewa akina mama haikuziba pengo. Miaka iliyofuata Humaidan na wenzake walijaribu kuongeza hCG kidogo tu, yuniti 1,500, siku ya kutoa mayai, na pengo la mimba likapungua sana. Angalieni dawa hiyo alipewa nani. Alipewa mama, wakati mayai yameshatoka mwilini mwake. Haikugusa yai wala kiinitete. Ugonjwa unaopona kwa kumwagilia shamba hauwezi kuwa ulikuwa kwenye mbegu.

Bado mnataka uthibitisho ulio safi zaidi? Tutenganishe mbegu na shamba kabisa. Mnakumbuka habari ya Novemba 2023, mama wa miaka 70 aliyejifungua pacha Kampala kwa yai la kuchangiwa. Katika mpango wa namna hiyo, sindano ya kukomaza huchomwa mchangiaji wa yai, ilhali mji wa mimba wa anayepokea huandaliwa kwa homoni nyingine. Mbegu imetoka shamba moja, inapandwa lingine. Kama sindano ya aina ya pili inaharibu kiinitete, wapokeaji wa mayai hayo wangepaswa kupata watoto wachache, kwa kuwa kiinitete kimebeba jeraha lake. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2014 ilikusanya majaribio 17 yenye wanawake 1,847. Katika 13, ambapo mwanamke alirudishiwa kiinitete chake katika mzunguko uleule, watoto waliozaliwa walikuwa wachache kwa sindano ya aina ya pili kuliko kwa hCG. Katika manne ya mayai ya kuchangiwa, tofauti ya maana haikuonekana. Dawa ni ileile na mayai yamekomazwa vilevile. Kilichobadilika ni mji wa mimba. Msomi wetu alipotutajia Denmark akanyamazia mayai ya kuchangiwa, alituonyesha nusu ya ramani akasema barabara imeishia hapo.

Kabla hatujaendelea, wekeni kifungu cha pili na cha tatu kwenye mizani moja. Cha pili kinasema kiinitete hufa kwa kuwa hCG inakaa muda mrefu. Cha tatu, kikisomwa sawasawa, kinaonyesha mimba zilipotea pale ambapo ishara haikukaa. Mtu mmoja akivileta vyote viwili katika mazungumzo mamoja, jueni anatafuta hukumu kwanza, sababu atajua mbele ya safari.

Kifungu cha nne: hCG imetolewa kwenye mkojo, na uchafu hauwezi kuzaa kitu safi. Nusu yake ni kweli. Pregnyl na nyinginezo za jamii yake husafishwa kutoka mkojo wa wajawazito, kwa kuwa mjamzito hutoa homoni hii kwa wingi hadi ujauzito wenyewe hupimwa kwa mkojo huohuo. Lakini iko pia ile ya kiwandani, kama Ovitrelle, inayotengenezwa na chembe zinazooteshwa maabara, isiyo na tone la mkojo. Kama mkojo ndio unaoharibu, aina hizi mbili zingetofautiana kwa watoto wanaozaliwa. Zimelinganishwa mara nyingi, na tofauti hiyo haikuonekana. Kifungu hiki kina kinyaa, ushahidi hakina. Na anayekitoa huku ameshika chupa isiyo na lebo, isiyo na kipimo wala tarehe ya mwisho, angeanza kwa kutueleza cha kwake kimetoka wapi.

Kifungu cha tano: mtoto wa kwanza wa maabara alizaliwa bila sindano. Ni kweli tena. Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja la mzunguko wa kawaida wa mama yake. Mpinzani hufunga kitabu hapo. Tukifungue. Mwaka 1977 Robert Edwards na Patrick Steptoe walilipataje yai lile kwa wakati? Walipima mkojo wa mama usiku na mchana wakiisaka LH ipande, kisha wakahesabu saa na kuingia chumba cha upasuaji kwa ratiba iliyopangwa na pituitari. Ishara ya kukomaza ilikuwepo. Aliyeitoa alikuwa ubongo badala ya daktari. Mwilini yai halikomai bila ishara hiyo, kwa malkia wala kwa mama lishe wa Mtaa wa Kongo. Na yule wa kwanza Marekani, Elizabeth Carr, aliyezaliwa Norfolk mwezi Desemba 1981? Mama yake alipewa vichocheo, kisha hCG. Anayemwita Louise shahidi wa mashtaka lazima akubali Elizabeth awe shahidi wa utetezi.

Kifungu cha sita hakitaji utafiti wowote, na labda kwa sababu hiyo ndicho kinachosadikiwa zaidi: “Nimeona kwa macho yangu. Vifuko vilikuwa vingi, sindano akachomwa, mayai hayakupatikana.” Ninaamini waliona. Madaktari wanalijua tukio hili, na swali lao la kwanza huwa: je, hCG imo kwenye damu? Mara nyingine huwa haimo ya kutosha, maana sindano ilikosewa, au saa ilikosewa, au dawa ilikuwa imekufa kabla ya kuchomwa. Ovitrelle hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na nje ya friji huvumilia hadi nyuzi 25 kwa siku 30. Kariakoo mchana wa Februari hupita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Dawa iliyonunuliwa asubuhi, ikazungushwa kwenye mkoba hadi jioni juani na ndani ya daladala, inaweza kufika mwilini ikiwa imepungua nguvu. Hapo mshitaki ameona janga la kweli na kulipa maelezo yaliyopinduka. Anasema sindano ilifanya kazi vibaya. Ukweli ni kwamba haikufanya kazi kabisa.

Je, sindano hii basi ni malaika? Hapana, na anayeitetea bila kusema hivyo hafai kuaminiwa kuliko anayeishtaki. Kosa lake kubwa lipo, ila wapinzani wamelipita wakikimbilia kiinitete. hCG, kwa kule kukaa kwake, inaweza kuzichochea ovari kupita kiasi: mishipa huvuja, maji hujaa tumboni, damu huwa nzito na kuganda, na mama anaweza kulazwa. Walio hatarini zaidi ni wenye ovari zenye vifuko vingi. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2008 kwa wanawake wa namna hiyo, asilimia 31 ya waliopewa hCG walipata tatizo hilo. Kati ya waliopewa sindano ya aina ya pili hakupata hata mmoja. Ndiyo sababu kliniki nyingi duniani siku hizi humchoma mwenye hatari sindano ya aina ya pili, hugandisha viinitete vyote, na kuvirudisha miezi ya mbele shamba likiwa limepona. Viinitete hivyo hivyo vinavyoitwa vilegevu huganda, huyeyushwa, hupandwa, na watoto huzaliwa. Mtu aliyelia miaka yote juu ya kiinitete angemkumbuka na mama, pengine angekuwa amesema jambo la maana.

Huduma hii ya kupandikiza mimba sasa ipo hapahapa Dar es Salaam, Muhimbili na katika hospitali binafsi kama Kairuki, na anayeifuata anauza kiwanja au anavunja kibubu. Mwanamke huyo anahitaji hofu iliyoelekezwa panapostahili. Asiogope kwamba sindano itamla mtoto. Aulize atachomwa aina gani na kwa nini, projesteroni yake itatunzwaje baada ya hapo, na dawa itakaa wapi kati ya duka na mwili wake.

Na aulize saa, tena kwa Kiswahili. Mayai yakipangiwa kutolewa saa 4:30 asubuhi ya Jumatano, sindano huchomwa saa 4:30 usiku wa Jumatatu, kamili saa 36. Fomu ya kliniki itaandika 10:30. Atakayeisoma kwa saa zetu akachoma saa kumi na nusu jioni ameongeza saa sita, na mayai yanaweza kuwa yameshatoka. Atakayengoja saa kumi na nusu ya alfajiri iliyofuata amepunguza sita, na mengi yanaweza kukutwa mabichi. Kisha jirani atasimulia kwamba sindano iliharibu mayai, na kumbe kilichoharibika ni hesabu ya saa ambayo hakuna aliyemsomea.